Kipimo cha Hodi

Chesko Mlelwa aligundua kosa lake Jumanne mchana, kiazi cha moto kikiwa mdomoni. Hakukimeza. Alikitema kiganjani, akakiweka pembeni ya meza ya ufundi, akainamia kioo cha skopu kama mtu aliyedondosha kitu kisimani.

Skopu yenyewe aliifufua wiki ile kutoka kwenye mabaki ya chuo kimoja kilichofungwa bondeni, tangu mito ilipokauka na watu wakapanda huku juu kulifuata bomba la mlimani. Kazi yake ni kuchora sauti. Unaichomeka waya, nayo inakuonyesha wimbi likipanda na kushuka kwa mwanga wa kijani. Chesko alikuwa fundi wa Kabati la Baraza la Itundwe kwa miaka tisa, na miaka yote tisa alifanya kazi kwa sikio na kwa mshale wa kipimo. Sauti kwa macho hakuwahi kuiona. Sasa aliiona, na ilikuwa sauti ya shemeji yake, Ditram, ikiwa imekatwa kichwa.

Alikuwa amechomeka rekodi ya kesi ya Ditram, ya miaka minne iliyopita, ajaribu tu kama chombo kinafanya kazi. Mawimbi yaliyotakiwa kuwa mviringo kama vilima yalikuwa bapa juu na bapa chini, kama majani yaliyopitiwa na fyekeo. Akachomeka rekodi ya mtu aliyeshinda kesi mwaka huohuo. Mawimbi madogo, laini, ya mviringo. Akachomeka nyingine, na nyingine. Kiazi kikapoa.

Watu wa Itundwe walipenda kusema kwamba Kabati halina ukoo. Lilijengwa na mhandisi mmoja, sasa marehemu, kwa vipande vya sinthesaiza za zamani, zile za kuungwa kipande kwa kipande kwa nyaya fupi za rangi: kipande kimoja kinatoa mlio, kingine kinachuja, kingine kinafuata nguvu ya sauti na kuigeuza kuwa umeme. Ni vyombo vya muziki. Mhandisi aligundua kwamba vikipangwa vizuri vinaweza kufuata koo la binadamu na kunasa mtetemo ambao sikio haliupati. Shahidi akisema kweli, Kabati hulia kama filimbi. Akisema uongo, hukoroma kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi.

Shida ya tangu mwanzo ilikuwa kimo cha umeme. Miksa inayopokea maiki za baraza hutoa volti moja hivi, na hapo imejitahidi. Kabati linaishi kwenye volti kumi, tano juu ya sifuri na tano chini yake. Ukilipatia volti moja ni kama kumnong'oneza mtu aliye ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo katikati palikaa kipandishio, kisanduku cha bati chenye kitufe kimoja cha kuzungusha, na kitufe hicho ndicho kilikuwa kazi yote ya Chesko. Ukipandisha kidogo, mtetemo wa koo haufiki na mwongo anasikika kama malaika. Ukipandisha mno, wimbi linagonga dari. Umeme hauna pa kwenda tena, kichwa cha wimbi kinakatika, kingo zake zinakuwa kali. Kabati halijui dari ni kitu gani. Kwake kingo kali ni koo linalotetemeka, na koo linalotetemeka ni uongo.

Na kitufe kiliwekwa kwa hodi. Shahidi akifika mbele hupiga hodi kwenye maiki, na baraza zima huitika karibu. Hapohapo Chesko huzungusha mpaka mshale uguse mstari wa kijani, kisha hufunika kitufe kwa kifuniko cha chuma, hufunga kufuli, na humkabidhi Mwenyekiti ufunguo. Baada ya hapo hakuna mkono unaogusa. Hilo ndilo watu walilipenda kuliko yote.

"Hodi," sauti ilisema mlangoni, chini chini.

Chesko aligeuka kama aliyeitwa na polisi.

Ilikuwa Ditram mwenyewe, seremala, mrefu, ameinama kidogo kama kawaida yake, na kikaratasi mkononi. "Nimekuletea chumvi. Shemeji mtu mzima unakula viazi vitupu kama mfungwa."

"Piga hodi tena."

"Nimeshaingia."

"Toka nje, upige tena."

"Umekunywa nini wewe?" Lakini alitoka. "Hodi."

"Siku ya kesi yako ulipiga hivyohivyo?"

Ditram aliingia, akakaa juu ya debe, akaiweka chumvi chini. Habari za kesi ile hakuzipenda. Alidaiwa kung'oa mipaka ya shamba la jirani, akasema hakung'oa, Kabati likakoroma, akaandikwa bubu. Bubu wa Itundwe huongea nyumbani kwake na huongea na mbuzi wake. Lakini barazani, shuleni, zahanati, penye watu waliokusanyika kwa jambo, neno lake halipokelewi.

"Nilipiga kama mama alivyotufundisha," alisema. "Alikuwa akisema anayepiga hodi kwa kelele anataka kuwahi kuona kilichofichwa. Wazee wamekaa pale mbele, halafu mimi nibweke?"

"Na ushahidi ulitoa kwa sauti gani?"

"Ya mtu anayesingiziwa."

Chesko akamweleza. Hodi ya chini ilimfanya azungushe kitufe juu sana kuutafuta mstari wa kijani. Kisha mtu yuleyule mwenye adabu alianza kujitetea, uchungu ukampanda, sauti ikapanda nao, ikagonga dari. Na yule aliyeingia akifoka hodi kama anaita ng'ombe, kitufe chake kilikaa chini, na maneno yake yote yalipita laini, ya kweli na ya uongo. Akamwonyesha kwenye kioo. Ditram aliitazama sauti yake iliyofyekwa.

"Wangapi?"

"Nimepima ishirini na sita. Waliokoromewa ni kumi na wanne. Kumi na watatu kati yao hodi zao hazisikiki."

"Siku ya posa ya Anjela," Ditram alisema, macho kwenye kioo, "nilikaa pale kama mtungi. Yule bwana mliyenitafutia anisemee alimwita mwanangu Anjelina. Mara tatu. Bubu hasahihishi."

Chesko alichomoa waya, na wimbi likafutika.

"Kesho ni kesi ya nani?" Ditram akauliza.

"Sikudhani Kilasi na Gaspar Lwila."

Ditram alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Sikudhani akipiga hodi hata nzi hageuki."

Kesi yenyewe kila mtu aliijua. Gaspar alikuwa mlinzi wa koki za bomba. Siku ya soko koki ya juu ilifungwa, zahanati ikakosa maji tangu asubuhi mpaka jioni, na mwanamke mmoja aliyekuwa akijifungua akafa. Sikudhani alisema alimwona Gaspar akiifunga. Gaspar alisema Sikudhani ndiye aliyeifunga, apeleke maji kwenye bustani yake. Mmoja wao angetoka bubu. Na mtoto wa bubu asiye na baba hupewa msemaji na baraza, naye huishi kwa msemaji huyo. Sikudhani alikuwa na binti wa miaka sita, Fides, mwenye kifafa, ambaye hakuwahi kulala bila kushika sikio la mama yake.

"Utafanya nini?" Ditram aliuliza.

"Nitamwambia Mama Leokadia."

"Mwambie." Ditram alisimama, akajipangusa suruali. "Halafu uje unieleze alivyokuambia unyamaze."

*

Mwenyekiti Leokadia Kidenya alikuwa uani asubuhi ya Jumatano, ungo mapajani, akichambua maharage. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwenye mikono mikubwa, na hakuacha kuchambua Chesko alipomwamkia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Uso wako umekaa vibaya. Sema."

Alisema. Alikuwa amejiandaa kwa maneno ya kitaalamu, lakini yalipotoka yalikuwa mepesi na mabaya: nimekuwa nikipima adabu ya watu, Mama, si ukweli wao. Mikono ya Leokadia ilisimama juu ya ungo. Kisha ikaendelea.

"Nani mwingine anajua?"

"Ditram."

"Huyo ni bubu."

"Ni bubu kwa mkono wangu."

"Keti chini, Chesko. Unanizibia jua." Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Kabla ya Kabati, watu wa juu walikuwa na kweli yao na wa chini na ya kwao. Tulizika watu kumi na tisa kwa bomba moja. Mwanangu Beno alikuwa wa tatu. Waliomuua walileta mashahidi arobaini kwamba alijikata mwenyewe. Arobaini, na wote ndugu. Kabati ndilo lililowanyamazisha, kwa sababu halina shangazi wala mjomba."

"Kumbe lilikuwa nao, Mama. Wenye makelele ndio ndugu zake."

Leokadia alimtazama sasa, kwa mara ya kwanza. "Hilo usilirudie nje ya uzio huu."

Kuku walipita. Alisubiri wapite.

"Sikiliza. Leo usiifuate hodi. Jifanye unaifuata, lakini zungusha pale unapojua panafaa. Nani mwingine anaujua huo mshale? Sikudhani kama anasema kweli atapona na mtoto wake. Kesho vilevile, na keshokutwa. Kuanzia leo kila mtu atapata haki yake. Ya nyuma fukia."

"Na walioandikwa?"

"Wangapi?"

"Mia na tisa."

"Mia na tisa wanyamaze, au mji mzima urudi kwenye mapanga. Haya nichagulie, wewe uliyesoma."

"Sikusoma, Mama. Niliacha darasa la tano."

"Basi tuko sawa. Mimi niliacha la nne. Ndiyo maana nakuambia wazi."

Chesko aliondoka akiwa ameitikia, au hakuitikia, mwenyewe hakujua. Kilichomtisha ni kwamba shauri lilikuwa zuri. Lilimponya Sikudhani, lilimponya na yeye. Lilihitaji jambo dogo tu, kwamba tangu leo ukweli wa Itundwe uwe pale kidole chake kitakapoamua. Alipofika njia panda akakumbuka kwamba hata jana ulikuwa palepale. Tofauti ni kwamba jana hakujua.

*

Baraza lilikaa katika ghala la zamani la pareto. Mabenchi ya watu wa juu yalikuwa kulia, ya watu wa chini kushoto, na katikati njia pana ambayo hakuna aliyekaa. Mabubu walikaa sakafuni, nyuma, karibu na mlango. Kabati lilikuwa mbele, refu kuliko mtu, nyaya zake zikining'inia kama utumbo.

Sikudhani aliitwa kwanza kwa kuwa ndiye mlalamikaji. Alipita katikati ya njia akiwa amejifunga kitenge cha pili kiunoni. Fides aliachwa kwa jirani. Alipofika kwenye maiki aliinama kidogo mbele ya wazee.

"Hodi," alisema.

"Karibu," ghala likaitika.

Mshale wa Kabati ulitikisika kidogo tu, ukalala.

Chesko aliweka vidole kwenye kitufe. Alijua pa kukiacha. Kikikaa kama mshale wa saa nne, Sikudhani angeongea na hata kulia bila kugonga dari. Hodi ilikitaka kifike saa nane. Alimtazama Mama Leokadia, naye alikuwa akitazama karatasi zake kwa makini ya mtu asiyesoma. Alitazama nyuma. Ditram alikuwa ameegemea nguzo, anatafuna jani, hamwangalii.

Akazungusha mpaka saa nane.

"Nimeweka kwa hodi," alisema. Akafunika, akafunga kufuli, akapeleka ufunguo mezani. Leokadia aliupokea, na macho yake yakamuuliza Chesko ana wazimu gani.

"Mama Fides," Chesko alisema, "kabla ya ushahidi, taja jina la mwanao. Liseme kama unavyomwita akiwa mbali."

Fundi haongei barazani. Watu walinong'ona. Lakini swali lilikuwa jepesi, na Sikudhani alikuwa amezoea kutii.

"Fides," aliita. "Mwanangu anaitwa Fides."

Kabati likakoroma.

Kisha mtu fulani kwenye mabenchi ya chini akasema, "Kumbe hata mtoto ni wa kuazima," na wachache wakacheka.

"Ni Fides," Sikudhani alisema, na sauti ikampanda. "Fides Kilasi. Nimemzaa mimi." Kabati likakoroma kwa nguvu zaidi, mpaka mabati ya paa yakaitikia. Alishika mdomo wake kwa mikono miwili. Akamgeukia Chesko. "Fundi, waambie. Wewe si unamjua? Waambie."

Chesko alikuwa amepanga jambo hili kichwani kama jaribio. Hakupanga uso ule. Alijua kwamba hata akiishi miaka mia hautamtoka.

"Limeshasema," Gaspar Lwila aliunguruma kutoka kwenye benchi la mbele, mtu mnene mwenye kifua cha ngoma. "Mwandikeni, twende mashambani."

"Mama Mwenyekiti," Chesko alisema. "Ufunguo."

Sheria ilikuwa hairuhusu. Leokadia alikuwa ameufumba ufunguo kiganjani. Alimtazama Chesko, akamtazama Sikudhani aliyekuwa bado ameziba mdomo. Kisha aliuweka ufunguo juu ya meza na kuuondoa mkono, kama aliyetua mzigo asioutaka.

Chesko alifungua kufuli. Akasimama mbele ya maiki, akavuta pumzi, akafoka, "Hodi," kama Gaspar anavyofoka, kwa tumbo lote.

"Karibu," waliitika, kwa mazoea tu.

Mshale uliruka. Alishusha kitufe mpaka ukarudi kwenye mstari, chini kabisa.

"Naitwa Gaspar Lwila," Chesko alisema kwa sauti ya kawaida. "Nina watoto kumi na wawili, wote mapacha, na nimewanyonyesha mwenyewe."

Kabati lililia filimbi, tamu, ndefu.

Ghala lililipuka kwa kicheko. Gaspar mwenyewe alicheka, akijipiga paja. Kicheko kilidumu, kisha kikaanza kufa, na kilianzia kufa nyuma, kwa watu wa sakafuni, ambao hawakuwa wamecheka.

"Ni kitufe," Chesko alisema. "Aliyepiga hodi kwa adabu nilimpandisha mpaka nikamkata. Aliyefoka nilimshusha mpaka uongo wake haukuonekana. Sikujua. Jana ndiyo nimejua. Nimefanya hivyo miaka tisa, na walioandikwa bubu ni mia na tisa. Wapo waongo kati yao. Sijui ni akina nani."

Mtu alisimama kwenye mabenchi ya juu, mzee Vitalis Mhagama, fimbo mkononi. "Kaka yangu alikufa bubu," alisema. "Wasia wake haukusomwa. Wanawe wakatawanywa kwa watu. Nani wa kunijibu hilo?"

"Mimi," Chesko alisema.

Vitalis alianza kuja. Kushoto nako watu walisimama, maana mtu wa juu aliyeshika fimbo wanamjua tangu zamani. Mabenchi yalilia. Chesko aliiona njia ile pana ya katikati na kwa mara ya kwanza akaelewa kwa nini iliachwa pana vile.

"Vitalis," Leokadia alisema. "Hata mimi nina wangu kaburini. Kaa."

Hakukaa. Lakini alisimama pale alipofika.

"Haya," Gaspar alisema, na sasa hakuwa akicheka. "Chombo kibovu. Sawa. Basi nani atasema kati yangu na huyu mwanamke, mwongo ni nani? Nani, maana mimi nina ndugu hapa, na yeye ana nani?"

Chesko alichomoa waya mkubwa wa umeme kwenye kipandishio. Taa za Kabati zilizimika moja moja, kutoka juu kwenda chini, na ule mvumo mdogo ambao watu walikuwa wameshauzoea kiasi cha kutousikia ukakatika.

"Sisi," Leokadia alijibu. Neno lilitoka dogo. Akalisafisha koo. "Sikudhani, sema ulichokiona. Gaspar, na wewe utasema. Kisha tutaulizana, hata kama ni mpaka wiki ijayo. Leo hakuna anayeandikwa."

Sikudhani alitoa mikono mdomoni. Alisema kitu.

"Hatusikii," watu waliita kutoka nyuma.

"Basi sogeeni," Leokadia alisema. "Mna miguu."

Wakasogea. Mabenchi yaliburuzwa, na kwa kuwa mahali pa karibu zaidi na Sikudhani palikuwa katikati, wa kulia na wa kushoto walijikuta wamebanana kwenye ile njia, wakitazamana vibaya, fimbo zikiwa magotini. Hakuna aliyeziweka chini. Mabubu nao waliinuka sakafuni. Hakuna aliyewaruhusu, na hakuna aliyewazuia.

Ditram alipita karibu na Chesko, akasimama.

"Siku ile," alisema taratibu, "nilipokuwa nimesimama pale, niliutazama mkono wako. Niliona unazungusha. Nikajua shemeji ananipandisha ili wanisikie."

"Ditram."

Lakini Ditram alikuwa ameshapita. Alijipenyeza mpaka mbele kabisa, akachuchumaa karibu na miguu ya Sikudhani, akainua uso.

Duara lilijifunga. Chesko alibaki kando ya Kabati na waya mkononi. Alipiga hatua moja kwenda mbele. Mgongo uliokuwa mbele yake ulikuwa wa Vitalis Mhagama, nao haukusogea. Sikudhani alianza kusema, kwa sauti yake ileile ya chini, na watu waliinamisha vichwa wamsikie. Kutoka pale aliposimama, Chesko aliona midomo yake tu.